Kabla ya Kulipia Spidi Zaidi, Angalia Waya Ulio Ukutani

Leo nina maoni, ingawa mafunzo kidogo yatakuwemo ndani yake.

Maoni yenyewe ni haya: familia zetu nyingi hapa Marekani zinalipia spidi ya intaneti ambayo haifiki chumbani. Zikilalamika, zinauziwa spidi kubwa zaidi, na hiyo nayo haifiki chumbani. Muda wote huo, ukutani nyuma ya kitanda kuna waya wa TV ambao hautumiki na mtu yeyote, na waya huo ungeweza kuibeba intaneti hiyo bila kutoboa hata tundu moja. Kabla mama hajaongeza dola nyingine kwenye bili ya mwezi, tuanze na huo waya.

Najua kuna watakaobisha. Nitawafikia.

Spidi inaishia wapi?

Nyumba zetu zinafanana sana. Fundi wa kampuni alikuja siku ya kwanza, akaona waya umetokea sebuleni karibu na TV, akaunganisha ruta pale pale, akaomba saini, akaondoka. Tangu siku hiyo ruta iko kwenye kona ile, na pengine imefunikwa kitambaa cha kufuma ili wageni wasione taa zikiwaka. Sebuleni mambo safi. Lakini chumba cha nyuma, ambako dada anasoma uuguzi mtandaoni usiku akitoka kazini, picha inaganda. Kule beizimenti, simu ya WhatsApp kwa bibi inakatika kila baada ya dakika mbili, na bibi naye anadhani umemkatia makusudi.

Basi baba anapiga simu kwa kampuni. Yaani, wewe ndiye unayepiga, kwa sababu wewe ndiye mkalimani wa nyumba tangu ukiwa na miaka tisa. Mtu wa upande wa pili anauliza mko wangapi, mna simu ngapi, TV ngapi. Halafu anasema kwa upole kwamba kifurushi chenu ni kidogo kwa familia kubwa hivyo. Bili inapanda. Chumba cha nyuma kinabaki vile vile.

Sababu yake si ngumu. Spidi unayonunua inafika kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta mpaka kwenye simu yako ni safari ya pili, na safari hiyo inabebwa na Wi-Fi, ambayo ni mawimbi ya redio. Masafa ya gigahezi 2.4 yanapenya kuta afadhali kidogo, lakini ni ya polepole na yamejaa Wi-Fi za majirani. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi, lakini yakikutana na kuta mbili tatu yanachoka. Matofali, friji, bomba, kioo kikubwa cha kujitazama, vyote vinakula mawimbi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mnalipia megabiti 300 kwa sekunde, na chumba cha nyuma kinapata 20. Mkipandisha mpaka 1,000, ruta itapokea 1,000, na chumba cha nyuma bado kitapata 20 au zaidi kidogo, kwa sababu ukuta haujui mmelipa shilingi ngapi.

Na hiyo 300 si kidogo. Simu ya video inahitaji megabiti chache tu. Netflix yenyewe inapendekeza megabiti 15 kwa picha ya 4K. Mwaka 2024 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipandisha kiwango chake cha intaneti ya kasi hadi megabiti 100 za kupakua na 20 za kupakia, na kabla ya hapo kiwango kilikuwa 25 na 3. Kwa hiyo familia ya watu sita yenye 300 inaweza kuishi vizuri kabisa, mradi hiyo 300 iwafikie.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Chomeka laptop kwa waya kwenye ruta, pima spidi, andika. Kisha nenda chumba cha nyuma, pima kwa Wi-Fi saa ile ile, andika. Mali bila daftari huisha bila habari. Kama namba ya kwanza ni ndogo, hapo kampuni ina maswali ya kujibu. Kama ya kwanza ni kubwa na ya pili ndogo, tatizo liko ndani ya nyumba, na hakuna kifurushi kitakacholiondoa.

Waya wenyewe

Waya ninaousema unaujua. Ni ule mnene, mweusi au mweupe, unaotoka ukutani na kuishia na kichwa cha chuma cha kuzungusha kama nati, katikati kikiwa na sindano ya shaba. Jina lake la kitaalamu ni waya wa koaksia. Katikati kuna uzi wa shaba, kuuzunguka kuna plastiki nene, juu yake kuna karatasi na wavu wa chuma, halafu ganda la nje. Ule wavu ndio siri yake: unafungia mawimbi ndani na kuzuia kelele za nje. Mwingereza Oliver Heaviside aliupatia hataza mwaka 1880, kwa hiyo ni waya wa zamani kuliko redio yenyewe.

Nyumba na apatimenti nyingi za Marekani zilizojengwa au kukarabatiwa katika miaka ya TV ya kebo ziliwekewa waya huu karibu kila chumba cha kulala, kwa sababu wakati ule kila chumba kilitaka TV yake. Sasa watu wameacha kebo, wanaangalia kila kitu kwa intaneti, na waya umebaki ukutani kama kisima kilichofunikwa. Wengine wameupaka rangi juu yake. Wengine wameuzibia kabati.

Na kama unadhani waya wa TV na kompyuta ni vitu visivyojuana, kumbuka hili. Itheneti, mfumo ambao mpaka leo unaunganisha kompyuta za ofisi dunia nzima, ulianza mwaka 1973 kwenye maabara ya Xerox PARC kule California, na Bob Metcalfe na David Boggs waliuendesha juu ya waya wa koaksia. Zile nyaya nyembamba zenye vichwa vya plastiki zilikuja baadaye. Tukipitisha intaneti kwenye koaksia tunarudi njia ya wazee.

Inavyofanya kazi

Kifaa kinachofanya kazi hii kinafuata mfumo unaoitwa MoCA. Ni jina la muungano wa kampuni ulioanzishwa mwaka 2004 ili vifaa vya kampuni tofauti viweze kuongea kwenye waya mmoja wa koaksia.

Fikiria redio. Hewa ni moja, lakini stesheni ni nyingi, kila moja na namba yake, na hazigongani. Ndani ya koaksia ni hivyo hivyo. TV ya kebo na intaneti ya kebo kwa kawaida zinakaa chini ya megahezi 1,002. MoCA inakaa juu yake, kati ya megahezi 1,125 na 1,675. Kwa hiyo waya ule ule unaoleta intaneti kutoka nje unaweza, wakati huo huo, kuisambaza vyumbani.

Toleo la MoCA 2.5, lililotoka mwaka 2016, linafikia gigabiti 2.5 kwa sekunde na linaunganisha mpaka vifaa 16 kwenye mtandao mmoja. Hizo 2.5 zinagawanywa kwa wote, lakini kwa nyumba ya kawaida ni nyingi mno. Ucheleweshaji wake ni milisekunde chache tu, na kinachonipendeza zaidi ni kwamba haubadilikibadiliki. Wacheza gemu wananielewa. Na mtu yeyote aliyewahi kufanya mahojiano ya kazi kwa video huku picha inaganda, naye ananielewa.

Unahitaji adapta mbili, kila moja kubwa kama pakiti ya majani ya chai. Ya kwanza inakaa kando ya ruta: waya wa itheneti kutoka kwenye ruta, waya wa koaksia kwenda ukutani. Ya pili inakaa chumba cha nyuma: koaksia kutoka ukutani, itheneti kwenda kwenye kompyuta, au kwenye kituo kidogo cha Wi-Fi ili chumba kizima kipate. Baadhi ya ruta za kampuni za Marekani, kama za Verizon Fios na nyingi za Xfinity, zina MoCA ndani tayari. Hapo unahitaji adapta moja tu. Angalia mipangilio ya ruta kabla hujanunua.

Pea ya adapta huuzwa kwa takriban dola 100 hadi 150. Si pesa ndogo, najua. Lakini unalipa mara moja. Kifurushi kilichopandishwa kwa dola 20 kwa mwezi ni dola 240 kwa mwaka, na mwaka ujao tena.

Vitu viwili vinavyoharibu

Wengi hujaribu, haifanyi kazi, wanarudisha adapta dukani wakisema ni uongo. Mara nyingi shida ni moja ya hizi mbili.

Ya kwanza ni splita, kile kichuma kidogo kinachogawa waya mmoja kuwa mbili, tatu au nane. Kiko kwenye kabati, beizimenti, au kwenye sanduku la nje ya nyumba. Kimeandikwa namba juu yake. Kikisomeka 5–1002, kilitengenezwa kwa ajili ya TV ya kebo, na kinaweza kuyakaba masafa ya MoCA. Tafuta chenye 5–1675. Ni dola chache tu. Na kama splita ina matundu nane na mnatumia mawili, weka ndogo, kwa sababu kila mgawanyo unapunguza nguvu. Kama kuna kikuza mawimbi cha zamani kwenye njia, hicho nacho kinaweza kuzuia.

Ya pili ni filta. Ni kipande kidogo cha chuma unachokifunga pale waya unapoingia nyumbani kutoka nje. Kazi yake ni kuyazuia mawimbi ya MoCA yasitoke kwenda kwa jirani. Kinayarudisha ndani, na hapo hata nguvu inaongezeka. Kama unaishi kwenye apatimenti, filta ni lazima. Bila hiyo, unaweza kumkuta jirani ambaye naye ana MoCA yuko kwenye mtandao wenu, au nyinyi kwenye wake. Weka pia nywila ya MoCA kwenye adapta; nyingi za kisasa zinaruhusu.

Wazazi wetu na waya huu

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Sisi kizazi cha pili tumezoea kuwa mafundi wa teknolojia wa nyumbani. Mama akisema intaneti imekufa, tunachukua simu yake, tunabonyeza bonyeza, tunarudisha, "Tayari, mama." Hatuelezi. Akiuliza ilikuwa nini, tunasema "Ni mambo ya setingi." Kwa miaka mingi nilidhani tunawapumzisha. Siku hizi naona tunawafungia mlango. Mzee aliyeendesha karakana, duka au darasa zima kule nyumbani, hapa anageuzwa mtu wa kuomba msaada ili afungue barua pepe.

Lakini waya huu, wazazi wetu wanaujua kuliko sisi. Nani alikuwa anapanda juu ya bati kugeuza antena, mwingine yuko dirishani anapiga kelele, "Hapo hapo! Umepitiliza! Rudisha kidogo!"? Nani alikuwa anamenya waya kwa kisu cha jikoni, au kwa meno, anakunja wavu wa chuma nyuma ili usiguse shaba ya katikati, anafunga kwa gundi ya karatasi? Iwe Mombasa, Tanga, Bukavu au Bujumbura, antena ile juu ya mti mrefu ilikuwa na waya huu huu. Na dishi lilipokuja, lilikuja na waya huu huu mpaka kwenye king'amuzi. Baba yako anajua kwamba wavu ukigusa shaba, picha inapotea. Anajua kwamba ukiukunja waya sana, unakufa ndani bila kuonyesha nje. Anajua kwamba splita ikiwa mbovu, chumba kimoja kinapata na kingine hakipati. Hayo ndiyo maarifa yanayohitajika hapa.

Kwetu, aliyeipata splita mbovu ni mzee wangu. Mimi niko na laptop nasoma, yeye amepiga magoti kabatini na tochi ya simu. Akaichomoa, akaipangusa, akasoma namba, akasema, "Hii ni ya TV za zamani, toa hii." Hakuwahi kulisikia neno MoCA mpaka asubuhi hiyo. Hakulihitaji.

Ndiyo maana nasema kazi hii ifanywe pamoja nao, na ifanywe kwa Kiswahili. Utaniambia huna maneno. Unayo. Waya, tundu, ukuta, kichwa, kufunga, kulegeza, kugawa, kuziba, mawimbi, nguvu inapungua, inafika, haifiki. Yaliyobaki, ruta na adapta na splita na filta, ni ya kila mtu. Wengi wetu tunasema Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha salamu, shikamoo marahaba basi. Hapa kuna Kiswahili cha kazi, na mwalimu yupo nyumbani, na hatakutoza.

Wakati wa kuacha

Sitaki mtu apoteze pesa kwa ajili ya maoni yangu. Kuna mahali ambapo jibu ni hapana.

Kama waya unatoka kwenye dishi la setilaiti na mnaitumia, usichanganye. Mawimbi ya setilaiti yanapita kwenye waya kati ya megahezi 950 na 2,150, na hapo yanagongana na MoCA moja kwa moja. Hili liwahusu hasa nyinyi wa Uingereza na wa Ghuba, ambako dishi bado lina nguvu. Kama jengo zima linashiriki dishi moja, waya huo si wenu peke yenu, msiuguse. Lakini kama dishi limekufa na waya umebaki chumba kwa chumba, uhamishe kabisa kutoka kwenye dishi, hapo uko huru. Na wa Uingereza, waya wa antena ya kawaida huwa na kichwa cha kuchomeka badala ya cha kuzungusha. Mtahitaji kigeuzi kidogo. Antena ikibaki imeunganishwa, weka filta kati yake na splita.

Kama intaneti yenu ya kebo inatumia modemu za DOCSIS 3.1, kuna sehemu ambako mawimbi yake yanaweza kupanda mpaka megahezi 1,218, ambako MoCA nayo iko. Mara nyingi filta ya pili, kwenye modemu, inaokoa hali. Ikishindikana, rudisha adapta ndani ya siku zako.

Kama nyumba ni mpya na ina matundu ya itheneti ukutani, tumia hayo, usinunue kitu. Na kama hakuna koaksia chumbani, basi hakuna. Sisemi mtoboe kuta kuiweka.

Wapangaji, msifungue sanduku la korido la jengo bila ruhusa. Ndani ya mlango wenu ni sawa. Lililo nje ya mlango ni la mwenye nyumba au la kampuni, na barua pepe moja ya heshima inatosha kuomba. Wenye nyumba zao wajue pia kwamba sheria ya kebo ya mwaka 1992, pamoja na kanuni za FCC, inampa mteja anayeacha huduma nafasi ya kuununua waya wa ndani kwa bei ya waya tu. Waya ule si mtego wa kampuni.

Kwa wanaobisha

Kuna anayesema, "Si ununue tu vile vituo vingi vya Wi-Fi vinavyopeana mkono?" Ni vizuri, na kwa nyumba ndogo vinatosha. Lakini kituo cha pili kinachopokea kwa hewa kinapokea kile kile kilichochoka njiani, na kikitumia redio hiyo hiyo kupokea na kutoa, spidi inakatwa karibu nusu. Kituo hicho hicho kikilishwa kwa koaksia kinapata chakula kamili. Kwa hiyo hata kama mmeshanunua, adapta mbili zinavipa uhai. Mbachao usiuache kwa msala upitao, nao mnaweza kuvitumia vyote viwili.

Kuna anayesema kuna adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Zipo, na ni rahisi. Lakini nyaya za umeme hazikutengenezwa kubeba mawimbi. Friji ikiwaka, chaja ikichomekwa, kelele zinaingia. Koaksia imezaliwa kwa kazi hii.

Na kuna anayesema, "Mimi natumia data ya simu, sijali." Wewe hujali. Mdogo wako mwenye tableti ya shule, je? Mama anayeongea na daktari kwa video kwa sababu hana lifti ya kwenda kliniki? Bibi anayesubiri Jumapili kuona nyuso zenu? Ruzuku ya serikali iliyokuwa inazipunguzia kaya zaidi ya milioni 23 bili ya intaneti, dola 30 kwa mwezi kwa wengi wao, iliisha Juni 2024. Familia zetu nyingi zilikuwa humo. Tangu hapo kila dola ya bili inatoka mfukoni, na mfuko huo ndio unaotuma ada ya shule nyumbani, ndio unaochanga msiba, ndio unaolipa tiketi. Kama dola 20 za kila mwezi zinaenda kununua spidi inayoishia nyuma ya TV, hilo linatuhusu sote.

Wikendi hii

Fanya mambo matatu. Pima spidi kwenye ruta na chumba cha nyuma, andika namba mbili. Tembea nyumba nzima na baba, mama, mjomba, yeyote aliyewahi kupanda juu ya bati, mhesabu matundu ya koaksia na mtafute splita iko wapi, msome namba yake. Kisha angalieni kama ruta yenu ina MoCA ndani.

Mkikuta njia iko wazi, nunueni mahali panapokubali kurudishiwa, jaribuni, pimeni tena kwa daftari lile lile. Ikikubali, pigeni simu kwa kampuni. Na safari hii mpe mama aongee mwenyewe, wewe kaa pembeni umsaidie neno likimpotea. Ombi lake ni fupi: apunguziwe kifurushi.